Kuiondoa DVR ya zamani: kufunga kamera za IP na kompyuta ya kurekodi nyumbani

Nyumba nyingi zilizofungwa kamera miaka kumi iliyopita zina seti ileile: kamera nne za analogi, waya za koaksi zenye vichwa vya BNC, adapta moja ya volti 12 iliyogawanywa mikia minne, na DVR ndogo, yaani kisanduku cha kurekodi picha, chini ya televisheni. Watu wanaridhika nayo mpaka siku kitu kinapoibwa. Rekodi inafunguliwa, na aliyeingia anaonekana ni mtu tu, sura hana. Au saa ya DVR iko nyuma siku tatu. Au diski ilishakufa zamani na hakuna aliyejua, kwa sababu picha za moja kwa moja ziliendelea kuonekana kama kawaida.

Hapa tunaeleza namna ya kuhamia kamera nne za IP, yaani kamera zinazotuma picha kwa mtandao, zinazopata umeme kwa PoE, yaani umeme na picha kupita kwenye waya mmoja wa mtandao, pamoja na kompyuta ya mtumba inayorekodi kwa programu ya Frigate ndani ya Linux. Kama nyumbani hakuna mtu aliye tayari kuandika amri mbili tatu za Linux, nunua NVR, yaani kisanduku cha kurekodi kamera za IP, yenye milango ya PoE. Sehemu za lenzi, waya na umeme hapa chini zinakuhusu vilevile, na hizo ndizo zinazoharibu mifumo mingi.

1. Anza na mita, megapikseli baadaye

Simama mahali kamera itakapokaa, pima umbali mpaka pale unapotaka kuona sura ya mtu. Kipimo kinachotumika kwenye kazi ya kamera za ulinzi ni pikseli 250 kwa kila mita ya upana ili kumtambua mtu usiyemjua, na pikseli 125 kwa mita ili kumjua mtu unayemfahamu tayari. Kamera ya megapikseli 4 ina pikseli 2560 kwa upana. Ukifanya hesabu, mambo yanakuwa hivi:

- Lenzi ya mm 2.8 inaona pembe ya nyuzi kama 100. Sura ya mgeni inatambulika mpaka mita 4 na kidogo tu.
- Lenzi ya mm 4, nyuzi kama 80: mpaka mita 6.
- Lenzi ya mm 6, nyuzi kama 50: mpaka mita 11.

Ndiyo maana kamera ya mm 2.8 iliyofungwa pembeni mwa paa, ikitazama geti lililo mita 12, inakupa picha nzuri ya ua mzima na doa lenye miguu mlangoni. Wauzaji hupenda mm 2.8 kwa sababu inauzika kirahisi. Wewe weka mm 2.8 kibarazani na mlango wa jikoni, mm 6 kwa ajili ya geti, na mm 4 pale pengine.

Usikimbilie megapikseli 8 kwa sababu ya tarakimu. Kwenye kamera za bei nafuu pikseli hizo zote zimebanwa kwenye sensa ndogo, na usiku picha inajaa chenga. Kamera ya megapikseli 4 yenye sensa ya inchi 1/1.8 inaona gizani vizuri kuliko ya megapikseli 8 yenye sensa ya inchi 1/2.8. Angalia pia kwamba inakubali ONVIF na RTSP, yaani lugha za pamoja za kamera za mtandao, la sivyo kompyuta yako haitaweza kuichukua picha.

Urefu wa kufunga ni mita 2.5 hadi 3. Ukiipandisha mita 4 juu ili isiibwe utapata picha nzuri za kofia. Na kamera inayochungulia ua wa jirani huleta ugomvi kabla haijamkamata mwizi: igeuze, au tumia kifuniko cha faragha kilicho ndani ya mipangilio yake. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022.

2. Vifaa

- Kamera 4 za IP, PoE ya kiwango cha 802.3af.
- Swichi ya PoE ya milango 8 yenye uwezo wa jumla wa wati 60 au zaidi. Kamera moja hula wati 3 hadi 5 mchana na hadi 8 au zaidi usiku taa zake zikiwaka.
- Waya wa Cat6 wa shaba tupu. Nyumba ya kawaida inakula mita 100 hadi 150. Katoni zima ni mita 305.
- Plagi 20 za RJ45 za waya wa mtandao (chache utaziharibu), koleo ya kubania, na kipima waya.
- Visanduku 4 vya maungio visivyoingiza maji, na skrubu za chuma kisichoshika kutu.
- Kompyuta ya mtumba ya umbo dogo la mezani: Dell OptiPlex 7050 SFF au HP EliteDesk 800 G3 SFF, Core i5 ya kizazi cha 7, RAM GB 8, SSD ya GB 256.
- Diski ya inchi 3.5 ya TB 4 ya kazi ya kamera, kama WD Purple au Seagate SkyHawk.
- Kadi ya pili ya mtandao ya PCIe, iliyo fupi, yenye kibao kifupi cha nyuma.
- UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) ya VA 650 hadi 1000.

Kompyuta hizo za kizazi cha 7 zimeshuka bei kwa sababu rahisi: Windows 11 rasmi haizitaki, na msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi zinazitupa, nawe huhitaji Windows. Ndani yake kuna chipu ya picha ya Intel yenye uwezo wa kufumbua H.264 na H.265, yaani namna mbili za kubana video, bila kuchosha prosesa. Usinunue zile ndogo kabisa za kiganjani kwa kazi hii. Diski ya inchi 3.5 haiingii. Na kabla ya kulipa, fungua mfuniko uangalie kama kishikio cha diski na waya zake za SATA vipo. Kwenye mitumba huwa vimeng'olewa, na kuvipata kivyake ni usumbufu.

Hesabu ya diski ni fupi. Kamera moja ikitoa megabiti 4 kwa sekunde inaandika GB 43.2 kwa siku. Nne ni GB 173. TB 4 inakutosha siku 23 hivi za kurekodi mfululizo, mchana na usiku. Ukitaka wiki mbili tu, TB 3 inafaa. Diski ya mezani ya kawaida itafanya kazi kwa muda, lakini haikutengenezwa kuandikwa saa 24 kila siku.

3. Waya

Sehemu hii ndiyo inayokula siku nzima, na ndiyo inayoamua kama mfumo utatulia.

Kwanza hakiki waya wenyewe. Sokoni kuna Cat6 nyingi za alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini, rudisha. Huo waya utapita kwenye kipima bila tatizo na kamera itawaka mchana wote. Saa moja usiku taa za infraredi, zile za mwanga usioonekana kwa macho, zinawaka, kamera inavuta umeme zaidi, volti zinashuka njiani, kamera inazima na kujiwasha upya, inawasha taa, inazima tena. Mwenye nyumba anabadilisha kamera mara mbili kabla ya kumshuku waya.

Waya za koaksi za zamani usizing'oe bure. Zikiwa ndani ya paipu, zitumie kuvutia waya mpya:

1. Kata kichwa cha BNC. Menya ganda sentimita 10, pinda nyuzi za Cat6 na za koaksi zishikane kwa kupishana, kisha zungushia utepe wa umeme mpaka kiungo kiwe chembamba kama mkia.
2. Paka sabuni ya maji kwenye kiungo. Mmoja avute, mwingine asukume upande wa pili.
3. Kikikwama usivute kwa nguvu. Rudisha nusu mita, zungusha kidogo, jaribu tena. Cat6 iliyovutwa kwa nguvu hunyooka mizunguko yake ya ndani na kuanza kupoteza data.
4. Acha mita moja ya ziada darini na nusu mita kwenye kisanduku cha kamera.

Plagi zibanwe baada ya waya kupita, pande zote mbili kwa mpangilio wa T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ganda la nje la waya liingie ndani ya plagi na libanwe na ule ulimi wa plastiki. Likibaki nje, uzito wa waya utaning'inia kwenye nyuzi nane nyembamba. Pima kila waya kabla ya kupanda ngazi.

Mwisho wa waya mmoja ni mita 100. Usipitishe sambamba na waya wa umeme wa nyumba kwa karibu. Acha sentimita 20 au zaidi, na mahali lazima vikutane vikatane kama msalaba. Waya unaopigwa na jua uwe na ganda jeusi la nje au uwe ndani ya paipu. Ule wa kijivu wa ndani jua huupasua.

Maungio ya kamera ndiyo mahali maji yanapoingia. Ule mkia wenye tundu la RJ45 unaotoka kwenye kamera usiuache ukining'inia nje hata kama umekuja na kifuniko cha mpira. Uweke ndani ya kisanduku, waya uingie kwa chini, na kabla ya kuingia uushushe kitanzi kidogo ili tone la mvua lidondoke pale badala ya kufuata waya mpaka ndani. Kwa walio Tanga, Mombasa, Unguja na pwani nzima, paka grisi ya silikoni kwenye meno ya plagi. Chumvi ya hewani inageuza meno yale kuwa ya kijani, na dalili yake ni kamera inayopotea ikinyesha na kurudi jua likiwaka. Ziba matundu yote: sisimizi wanapenda joto la kisanduku cha kamera kuliko unavyofikiria.

Kamera ya geti iliyo kwenye nguzo ya mbali, au iliyo kwenye jengo jingine, iwekee vizuia radi vya mtandao ncha zote mbili, viungwe kwenye waya wa ardhi (earth) wa nyumba. Kati ya majengo mawili yenye umeme tofauti, waya wa mwanga (fiber) ndio salama zaidi, kwa sababu haupitishi umeme kabisa.

Jambo la swichi: nunua inayoandikwa 802.3af au 802.3at. Kuna swichi za volti 24 zinazouzwa kwa ajili ya vifaa vya kurushia intaneti isiyo na waya. Hizo haziwashi kamera hizi.

4. Kompyuta

Ifungue, ipulize vumbi, badilisha betri ya CR2032 hata kama bado inafanya kazi. Betri hiyo ndiyo inayokumbuka saa na mipangilio ya BIOS, yaani ile ya msingi ya kompyuta, umeme ukikatika. Funga diski ya TB 4, funga kadi ya pili ya mtandao.

Ingia BIOS. Kwenye Dell tafuta Power Management, halafu AC Recovery, weka Power On. Kwenye HP inaitwa After Power Loss. Bila hatua hii, umeme ukikatika saa nane usiku na kurudi saa tisa, kamera zitawaka, swichi itawaka, na kompyuta italala mpaka mtu aibonyeze. Ijaribu hapohapo: ikiwa imewaka, chomoa waya wa umeme, subiri sekunde 30, chomeka. Isipojiwasha, usiendelee.

Weka Debian, aina mojawapo ya Linux, kwenye SSD bila mazingira ya picha, chagua seva ya SSH (ya kuingilia kwa amri kutoka kompyuta nyingine) tu. Kisha Docker, programu ya kuendeshea programu nyingine ndani ya vifurushi. Halafu diski ya rekodi. Ikiwa ni diski iliyotoka kwenye DVR au iliyotumika popote, ikague kwanza:

```
smartctl -a /dev/sda
```

Angalia mistari ya 5, 197 na 198. Namba ya mwisho ikizidi sifuri kwenye 197 au 198, diski hiyo usiipe rekodi. Mstari wa 5 ukipanda wiki hadi wiki, ni ya kuaga.

Igawe kwa mgawanyo wa GPT, maana ule wa zamani wa MBR unaishia TB 2, kisha:

```
mkfs.ext4 -m 0 -L rekodi /dev/sda1
mkdir /mnt/rekodi
chattr +i /mnt/rekodi
```

Hakikisha kwa `lsblk` kwamba sda ndiyo diski kubwa na si SSD yako. Amri ya kwanza inafuta kila kitu bila kuuliza sana. Ile `-m 0` inakurudishia asilimia 5 ambayo Linux huitenga kwa ajili ya mfumo, yaani GB 200 nzima ambazo diski ya rekodi haizihitaji. Na `chattr +i` inafunga folda tupu isiandikwe. Sababu yake ni hii: diski ikishindwa kupachikwa siku moja, Docker haitajua. Itaandika video kwenye folda ileile, ambayo sasa iko kwenye SSD ya mfumo, na siku inayofuata SSD imejaa na kompyuta nzima imeganda. Folda ikiwa imefungwa, programu inapiga kelele mara moja na wewe unajua.

Kwenye `/etc/fstab`, faili linaloorodhesha diski za kupachikwa, tumia UUID, yaani namba ya pekee ya diski, kwa kuwa sda inaweza kuwa sdb kesho:

```
UUID=weka-yako-hapa  /mnt/rekodi  ext4  defaults,noatime,nofail  0  2
```

5. Mtandao wa kamera uwe peke yake

Kamera hazina sababu ya kuongea na intaneti. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilijaza kamera na DVR za nyumbani kwa kutumia nywila za kiwandani tu, na mwaka 2021 yalitangazwa matundu makubwa kwenye kamera za Hikvision na za Dahua, yaani chapa mbili zilizojaa madukani kwetu. Dawa rahisi ni waya: swichi ya kamera iingie kwenye kadi ya pili ya kompyuta, na isiunganishwe na ruta kabisa.

Ipe kadi ya pili anwani 192.168.50.1, kamera zipewe .11 hadi .14. Kadi ya kwanza inaenda kwenye ruta kama kawaida.

Kwa kuwa kamera hazioni intaneti, saa zitazitoa wapi? Kwenye kompyuta. Weka `chrony`, programu ya kusawazisha saa, na kwenye faili lake ongeza mistari miwili:

```
allow 192.168.50.0/24
local stratum 10
```

Mstari wa pili unairuhusu kompyuta kuendelea kutoa saa hata intaneti ikikatika wiki nzima. Kwenye kila kamera weka NTP (anwani ya kuchukulia saa) iwe 192.168.50.1 na ukanda wa saa UTC+3. Saa iliyoandikwa kwenye picha ikipishana na saa ya rekodi, kuieleza polisi inakuwa kazi.

6. Kuziweka kamera

Chomeka moja moja. Kamera mpya nyingi za aina moja hutoka na anwani ileile, kwa mfano 192.168.1.64 kwa Hikvision na 192.168.1.108 kwa Dahua, na ukizichomeka zote nne zinagombana. Kwa kila moja:

- Weka nywila ndefu, tofauti na ya ruta. Tengeneza mtumiaji wa pili asiye na mamlaka ya kubadilisha kitu, atumike na Frigate.
- Zima UPnP (inayofungua milango ya ruta yenyewe) na huduma ya wingu ya kampuni.
- Mkondo mkuu: H.264, 2560 kwa 1440, fremu 15 kwa sekunde, Kbps 4096, fremu kamili kila baada ya fremu 15.
- Mkondo mdogo: H.264, 640 kwa 480 au inayokaribia hapo, fremu 5, Kbps 512.
- Zima H.264+ au kodeki yoyote inayoitwa "smart". Inaokoa nafasi kwa kuzichelewesha fremu kamili, na matokeo yake rekodi zinakatika katikati.
- Umeme wetu ni Hz 50, basi chagua 50 ili taa za nje zisipepese.
- Usiku punguza muda wa mwanga usizidi 1/50 ya sekunde. 1/100 ikiwa kuna taa ya nje. Kamera ikiachiwa yenyewe itarefusha mpaka 1/12 ili picha ionekane angavu, na mtu anayetembea atageuka moshi.

H.265 inapunguza ukubwa, ndiyo, ila baadhi ya vivinjari vya simu na kompyuta vinaikataa au kuichezesha kwa kukwama. Diski ya TB 4 unayo, kaa na H.264.

Kama DVR ya zamani ina kamera bado nzuri, usizitupe. DVR nyingi zinatoa RTSP kwa kila chaneli. Mpe Frigate anwani ya DVR nayo itarekodi kamera za analogi pamoja na mpya, wakati unajipanga kubadilisha moja moja kadiri mfuko unavyoruhusu.

7. Frigate

Inaendeshwa ndani ya Docker, kifurushi chake kikiwa `ghcr.io/blakeblackshear/frigate:stable`. Mambo manne kwenye faili la compose, lile la mipangilio ya Docker, ndiyo yenye uzito: kifaa `/dev/dri/renderD128` kipitishwe ili chipu ya picha ya Intel itumike, `/mnt/rekodi` ipachikwe kwenye `/media/frigate`, `shm_size` iwe mb 256, kwa sababu mb 64 za kawaida za Docker ni chache, na `/tmp/cache` iwe kwenye RAM, kwani vipande vya video vya sekunde 10 hupita pale kabla ya kwenda diski. Fungua mlango 8971, ambao unauliza nywila. Mlango 5000 hauulizi kitu, usiufungue. Nywila ya kwanza ya admin utaikuta kwa `docker logs frigate`.

Kila kamera inaandikwa hivi kwenye `config.yml`:

```
cameras:
  geti:
    ffmpeg:
      hwaccel_args: preset-vaapi
      inputs:
        - path: rtsp://frigate:NYWILA@192.168.50.11:554/Streaming/Channels/101
          roles: [record]
        - path: rtsp://frigate:NYWILA@192.168.50.11:554/Streaming/Channels/102
          roles: [detect]
    detect:
      enabled: true
      width: 640
      height: 480
      fps: 5
    objects:
      track: [person, car]
```

Anwani hizo ni za Hikvision. Dahua ni `/cam/realmonitor?channel=1&subtype=0` kwa mkuu na `subtype=1` kwa mdogo. Nywila yenye alama kama @ au # huivunja anwani, tumia herufi na tarakimu ndefu.

Gawanyo hilo la mikondo miwili ndilo linaloifanya kompyuta ya zamani itoshe. Mkondo mkuu unaandikwa diski kama ulivyo, bila kufumbuliwa. Mdogo tu ndio unaofumbuliwa na kutazamwa. Watu wanaolalamika kwamba prosesa iko asilimia 90 karibu wote wameweka majukumu yote mawili kwenye mkondo mkuu. Kwa utambuzi wa watu na magari tumia OpenVINO, programu ya Intel ya kazi hiyo, na kifaa GPU, yaani ile chipu ya picha. Kizazi cha 6 cha Intel na kuendelea kinaikubali, huhitaji kununua kifaa kingine cha ziada.

Muda wa kurekodi mfululizo uweke siku 20 kwa TB 4. Diski ikikaribia kujaa, Frigate hufuta za zamani yenyewe.

Tahadhari zisiwe kwa kila paka. Chora eneo la geti na kibaraza, na ujue kwamba Frigate inahesabu mtu yuko ndani ya eneo kwa kutazama sehemu ya chini katikati ya kisanduku kinachomzunguka, yaani miguu. Chora ardhini anapokanyaga. Ukichora usawa wa kifua kwenye ukuta, mtu atapita mbele ya kamera na usiambiwe kitu.

8. Kutazama ukiwa mbali

Usifungue milango kwenye ruta. Kwa intaneti ya simu hata haitafanya kazi, kwa kuwa mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Weka Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa njia ya siri, kwenye kompyuta na kwenye simu, ingia kwa akaunti moja, kisha fungua anwani ya Tailscale ya kompyuta kwenye mlango 8971. Inafanya kazi hata kwa intaneti ya simu.

Chunga bando. Mkondo mdogo wa Kbps 512 unakula MB 230 kwa saa; mkondo mkuu ni GB 1.8 kwa saa kwa kamera moja.

9. Umeme

Kompyuta, swichi, kamera nne na ruta kwa pamoja hula wati 60 hadi 70 usiku. Ni uniti moja na nusu hivi kwa siku. UPS ya VA 650 ina betri ya volti 12, Ah 7, yaani Wh 84 kwenye karatasi. Kwa mzigo huu, betri mpya itakupa nusu saa na ushee. Inatosha kwa umeme unaokatika na kurudi, haitoshi kwa mgao. Kwa mgao unahitaji inveta na betri kubwa, au angalau ruta na swichi zihamie huko.

Unganisha UPS na kompyuta kwa waya wa USB na uweke `apcupsd` au NUT, ili kompyuta ijizime vizuri betri ikibaki kidogo. Pale ambapo volti huyumba, weka kilinda volti kile cha friji kabla ya UPS.

10. Ikigoma

Picha nyeupe kama ukungu usiku: taa ya infraredi inagonga ukuta, bomba la maji ya paa, au utando wa buibui mbele ya lenzi. Isogeze, ifute. Buibui hurudi, kwa sababu wadudu wanafuata mwanga ule. Taa tofauti ya infraredi iliyofungwa mita moja pembeni inapunguza tatizo.

Picha inayovutika kijivu sehemu ya chini: data inapotea njiani. Bana plagi upya, na hakikisha RTSP inapita kwa TCP.

Kamera moja inapotea kila usiku: waya, plagi, au swichi imefikia kikomo cha wati. Ihamishie kwenye waya mfupi mezani usiku mmoja. Ikitulia, kosa si la kamera.

Rekodi zina mapengo baada ya umeme kurudi: rudi kwenye AC Recovery, kisha angalia kwa `df -h` kama `/mnt/rekodi` imepachikwa.

Iache DVR ya zamani ikirekodi sambamba kwa wiki moja. Katika wiki hiyo tembea uani usiku wa manane ukiwa umevaa kofia, kisha tazama rekodi, si picha ya moja kwa moja. Ukiridhika, zima DVR, na ufute diski yake kabla ya kuiuza. Ina video za familia yako.

Kila mwezi fungua rekodi ya siku kumi nyuma kwa kila kamera, futa lenzi kwa kitambaa laini chenye unyevu, endesha `smartctl`. Betri ya UPS badilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu; kwenye joto la darini haifiki hata hapo, kwa hiyo UPS ikae chini, mahali penye hewa.